Kucha Zako Nyeusi Ndani ya Eda

Kwako Saumu, mke mwenzangu,

Usicheke kwamba bado nakuita hivyo na mume mwenyewe ameshatutoka. Nimetafuta jina jingine sikulipata. Dada hukuwa, maana dada mtu huletewa na mama yake, nawe uliletwa na Bakari mchana kweupe, siku niliyokuwa nachambua mchele kibarazani, nikakutazama kuanzia viatu kwenda juu wala sikukupa kiti. Rafiki ni neno jepesi. Basi nimelirudia lile lile nililokuwa nikilitamka kwa kubana meno, na leo nikilitamka peke yangu humu ndani hakuna wa kuniitikia.

Juma lililopita tumemwoza Rehema. Nakuambia mapema, kwa sababu najua ungekuwa hai usingeniacha nimalize salamu kabla hujauliza habari za binti yangu. Ndiyo, ni mume yule yule, yule kijana wa Mtongwe, ambaye jamaa zake walileta posa muda mfupi kabla Bakari hajafa. Hawakurudi nyuma. Walingoja msiba wa Bakari uishe, kisha wakangoja na wako uishe, wakaja na masanduku yao na maneno yao mazuri. Mwanao kapendeza. Nasema mwanao, maana ile harusi wewe ndiye uliyeigharimia, na kati ya wote waliokula pilau yake hakuna hata mmoja anayelijua hilo.

Siku ya kumtia hina nilikaa naye vizuri mpaka mpakaji alipofungua piko. Alikoroga ule unga mweusi kwenye kisosi, harufu ikanifika, nikainuka nikasema nakwenda kutazama nyama jikoni. Nyama haikuwa na shida yoyote. Nilisimama nyuma ya nyumba, pale penye kamba ya nguo, nikalia. Rehema akanifuata na mikono ameinyanyua juu isiguse nguo, akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamwambia ni moshi. Akaniamini, au alijifanya kuniamini, akarudi ndani kwa wenzake.

Uliniapisha nisiseme mpaka aolewe. Haya, ameolewa. Ndiyo maana barua hii siitii kwenye bahasha. Naiacha wazi, asomaye na asome, na asiyejua kusoma asomewe.

Yalianza na tumbo. Ulikuwa umeolewa miaka kadhaa bila mtoto, Bakari amekupangia chumba kule Mtongwe, nami na wanangu tupo hapa Likoni. Alikuwa akigawa siku zake kwa haki, marehemu simsingizii. Kisha akaanza kuingia kwangu na uso unaong'aa, mtu mzima anapiga mbinja akivua viatu, na majirani hawakukawia kuniletea habari kwamba mke mdogo ana mimba. Walinipa pole iliyojaa kicheko. Nikasema alhamdulillahi, nikaendelea kuanika nguo.

Ukaja mwenyewe asubuhi moja, Bakari yuko kazini bandarini. Nilikuwa nasukuma chapati. "Shikamoo, dada," ulisema, nikaitikia bila kugeuka. Ukakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, maana kiti hukupewa hata siku hiyo, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, mtoto huanza kucheza lini?"

"Una miezi mingapi?"

"Sijui. Tumbo lina siku nyingi. Lakini halichezi."

Nikafuta unga nikakuwekea mkono tumboni. Mimi nimezaa, Saumu, najua mtoto hukaaje. Kile kitu kilikuwa upande mmoja, kushoto, kimeanzia chini ya mbavu kimeshuka mpaka usawa wa kitovu, kigumu, kina ukingo kama wa sahani. Na huku mifupa ya mabega imetokeza, mtu mwenye mimba hakondi vile. Ulikuwa unanitazama usoni uone nitasema nini. Mimi niliyekuwa sitaki hata kusikia habari ya mtoto wako, nilitamani siku ile nihisi japo teke moja. Nikakuambia, "Ngoja nivae buibui, twende hospitali." Chapati hazikupikwa.

Tulivuka kwa feri, tukapanga foleni kule kisiwani, wakakutoa damu, wakaturudisha nyumbani, wakakuita wakakutoa tena, mpaka daktari mmoja, mwanamke mpole, akatukalisha akatueleza. Lile lilikuwa bandama. Limevimba kwa sababu damu yako inazaa chembe nyeupe kupita kiasi. Ni saratani ya damu, alisema, lakini ile ya kwenda pole pole, na mtu huweza kuishi nayo miaka kwa kumeza dawa. Wewe ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hamna mtoto?"

Daktari akanitazama mimi. Nikasema, "Hamna, Saumu."

Tangu siku hiyo kiti chako kilikuwapo jikoni kwangu. Watu walishangaa, wake wenza gani hawa wanaofuatana hospitali kila mwezi, mmoja kabeba mkoba wa mwingine. Waliona tumelishwa kitu. Bakari naye alikuwa hajui afurahi au aogope, akitukuta tunacheka tukaacha kucheka alikuwa akijitazama kama suruali imefunguka.

Vidonge vya kwanza vilikuwa vidogo, vyeupe. Bandama likanywea, ukarudisha mwili, tukadhani tumeshashinda. Kisha uso ukaanza kuingia weusi, ukashuka shingoni, ukaingia mpaka kwenye mistari ya viganja, wewe uliyekuwa maji ya kunde. "Bakari kaoa mmoja, kalala, kaamka na mwingine," ulisema, na ukacheka mpaka ukakohoa. Kikohozi hicho hakikuisha. Kilikuwa kikavu, hakitoi kitu, na pumzi ikawa fupi. Ule mwinuko wa kutoka ferini ulikuwa ukisimama njiani, unainama unajifanya unafunga kiatu, nami nasimama pembeni natazama nguo za madukani ambazo sikuwa na haja nazo. Daktari akapiga picha ya kifua. Mapafu yameanza kukakamaa, alisema, na kinachoyakakamaza ni ile dawa yenyewe. Akakubadilishia.

Za pili zilikuwa kapsuli, nusu kijani nusu waridi. Pumzi haikurudi yote, ila haikuzidi kupungua. Nazo zikaja na yao. Ulianza mstari mmoja mweusi kwenye kucha ya dole gumba, umetoka kwenye nyama umekwenda mpaka ncha, umenyooka kama uliochorwa kwa kalamu. Ukafuata wa pili. Mwishowe kucha nzima, mikono yote miwili. Halafu kwenye kifundo cha mguu pakafunguka kidonda bila ya wewe kujikwaa popote, kidogo kama kifungo cha shati, lakini kinauma hata shuka halikuweza kukigusa. Daktari akasema hilo nalo ni dawa. Ukiiacha, kidonda kitafunga. Ukiiacha, damu itachacha. Tukatoka mle tumebeba maneno hayo mawili, hatujui tuyaweke wapi.

Kucha hazikukupa tabu wakati huo. Mwanamke ana mume wake, ana kucha nyeusi, nani atamwuliza? Walikuwa wakikusifu. "Saumu, piko yako yashika kweli, kakupaka nani?" Nawe unajibu, "Najipaka mwenyewe, mwanangu." Ukweli hukutaka wausikie, na sikukulaumu. Ilikuwa miaka ile watu wameanza kufa kwa ule ugonjwa mwingine ambao hata jina lake lilitajwa kwa kunong'ona, na yeyote aliyekonda, mwenye dawa za kila siku na kidonda kisichopona, alikuwa ameshahukumiwa. Nani angesimama akusikilize ukimweleza habari ya chembe nyeupe? Wangelisikia neno moja tu, damu. Nawe ulikuwa unauza mahamri na mbaazi mlangoni, na mkono wako ndio uliokuwa ukiyafunga kwenye gazeti. Kwa hiyo piko ikawa ndilo jibu letu, na lilikuwa jibu zuri mpaka Bakari alipokufa.

Alianguka akitia udhu wa alasiri. Birika likabingirika uani, nilidhani ni paka. Alipoinuliwa alikuwa ameshakwenda. Moyo, walisema.

Ukahamia kwangu ili tukae eda pamoja chini ya dari moja. Aliyetuweka alikuwa Bi Mwanakombo. Wewe unamjua, namtaja kwa ajili ya wasomao: ni mama mtu mzima wa mtaa wetu, ndiye mwosha maiti wa wanawake, na ndiye anayewafundisha wajane mambo ya eda. Alitukalisha mkekani akatuhesabia. Hamtoki ila kwa dharura, hospitali ikiwemo. Hamna marashi, hamna wanja, hamna dhahabu, hamna hina wala piko, miezi minne na siku kumi. Alipofika kwenye piko akatupia jicho mikono yako, akasema kwa upole, "Hiyo ya zamani haina neno. Itapanda, itakatwa." Ulikuwa umeshaiingiza mikono ndani ya leso.

Sijui kama uliliona tatizo siku ile, mimi nililiona. Ulikuwa umewaambia miaka yote kwamba unajipaka. Sasa wataketi mbele yako kila Ijumaa kwenye hitima, juzuu mkononi, wanangoja ile piko ipande ikatwe.

Haikupanda. Ingepandaje na mizizi yake imo ndani ya damu? Kila juma kucha ziliota nyeusi tangu kwenye nyama. Wanawake walianza kugusana viwiko. Mmoja akakupa mkono wa kuagana akaushikilia zaidi ya salamu. Ijumaa moja, wenzake walipokwisha kutoka, Bi Mwanakombo akabaki.

"Mwanangu," akakuambia, "piko ya kabla ya msiba ingekuwa imeshapanda juu. Hii yako yatoka chini."

Ukavikunja vidole.

"Mume hajakauka udongo. Wampakia nani?"

"Niwie radhi, Bi," ulisema.

Ukaomba radhi kwa kosa usilolifanya, nami nimekaa hapo hapo, nimefungua mdomo, na wewe umenibana goti kwa ile mikono yenyewe. Alipotoka nilikufokea. Nilikuambia kwa nini humwambii ni dawa.

"Ataniuliza dawa ya nini."

"Mwambie."

"Dada, hebu fikiri. Mume kafa ghafla. Mkewe mdogo kakonda, ana kidonda, ameza dawa kila siku. Watasema nini juu ya Bakari? Na wewe si ulikuwa mkewe pia? Na Rehema ana posa." Ukatulia ukapata pumzi. "Wale jamaa wa Mtongwe ni watu wema. Lakini ni watu. Sema wallahi hutasema mpaka mtoto aolewe."

Nikasema wallahi. Ningefanyaje? Kila ulilosema lilikuwa kweli, na nyumba nzima ilikuwa na picha ya Bakari, na yule msichana alikuwa chumba cha pili anashona foronya za harusi yake akiimba kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba.

Baada ya hapo kidonda chako kikaanza kukauka. Nilikuwa nakiosha mimi kila asubuhi, unakumbuka, maji ya chumvi, asali, kitambaa safi. Kingo zikaingia ndani, nyama ikawa ya waridi, maumivu yakapungua, ukaanza kukanyaga vizuri. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikasema nilijua, ni asali ya kule bara, ile ya mjini ni sukari tupu. Ukatabasamu tu. Ijumaa iliyofuata Bi Mwanakombo akakuomba mkono, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa ya kucha, kwenye nyama, palikuwa na ukanda mwembamba mweupe.

"Alhamdulillahi," alisema, na alisema kwa moyo wake wote. "Umesikia maneno yangu."

Nikakitazama kifundo chako kilichokuwa kinapona. Nilingoja watoke, nikaingia chumbani kwako, nikanyanyua godoro. Ulikuwa umezifunga kwenye pindo la leso, fundo moja kubwa, kapsuli zote ulizotakiwa kuwa umezimeza, kijani na waridi, nyingine zimeanza kunata kwa joto. Na tumbo lako lilikuwa limeshaanza tena kusukuma nguo upande wa kushoto, nami nilikuwa naliona nikijiambia ni wali.

Nilikuja nikakurushia lile fundo mapajani. Hukukana. Ulisema, "Ni mpaka eda iishe tu, dada. Kisha naanza tena." Unasema kama mtu aliyeahirisha kufua.

Sijawahi kukasirika vile. Kwa Bakari sikukasirika vile, hata siku aliyokuleta. Nilikwenda kwenye sanduku la Rehema alimoanza kuweka vitu vyake, nikachukua kipakiti cha piko, nikatia maji kwenye kifuniko cha mkebe, nikakoroga kwa kijiti cha chelewa, nikaketi mbele yako mkekani.

"Wafanya nini, dada?"

"Najipaka."

"Uko ndani ya eda."

"Nawe uko ndani ya eda. Wakisema waseme wawili. Wakiona wajane wawili wana kucha nyeusi watasema tumekosa haya, au tumeingia wazimu. Hakuna atakayesema tuna ugonjwa."

Naogopa dhambi kama mtu yeyote, na sikuwahi hata siku moja kuacha kufunga wala kuruka sala kwa uvivu. Nilikuwa nampenda yule mwanamume na nilitaka kumkalia eda yake kwa ukamilifu. Nikapaka dole gumba la kushoto lote, mpaka kwenye nyama. Nilipopeleka kijiti kwenye kidole cha shahada ukanikamata mkono.

"Basi. Nameza. Usibebe dhambi kwa ajili yangu."

"Meza nione."

Ukameza mbele yangu na maji ya mtungi, ukalia, nikalia. Tukakaa hivyo mpaka Rehema akaja kuuliza kama tumekorofishana.

Piko ilishika. Nilisugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa jivu, haikutoka. Ijumaa Bi Mwanakombo aliliona dole gumba langu nilipompokeza kahawa. Akalitazama, akanitazama mimi, mke mkubwa, mama wa watoto, niliyekuwa mfano wa mtaa mzima. Akakiweka kikombe chini bila kukigusa mdomoni. Juma lililofuata hitima tulisoma watu wachache, na lililofuata wachache zaidi. Ilinichoma, sikufichi. Lakini kila asubuhi nilikuwa nakuletea kapsuli kwenye kisahani na kusimama mpaka umeze, na posa ya Rehema haikuvunjika.

Tulikuwa tumechelewa. Tulipovuka kwenda hospitali damu yako ilikuwa imechacha. Daktari akaongeza kapsuli, kidonda kikafunguka upya na kupanuka, bandama halikunywea. Akatuambia ule ugonjwa wa pole pole umegeuka, sasa ni wa haraka. Nilimwomba tuzungumze pembeni, nikamwuliza kama ni kwa sababu ya zile wiki ulizoacha dawa. Alifikiri kwanza, hakutaka kunidanganya. "Huenda," alisema. "Na huenda ungegeuka tu. Huwa inafika siku unageuka wenyewe." Basi hiyo huenda ndiyo niliyokuja nayo nyumbani, nakula nayo, nalala nayo. Iko siku naamini upande huu, iko siku naamini upande ule. Hakuna upande unaonipumzisha.

Tulitoka eda wewe ukiwa umelala. Nilikuogesha kitandani, nikakuvalisha leso mpya. Uliomba nikutilie marashi kidogo nyuma ya masikio. Fizi zilikuwa zinatoka damu na ulikuwa unazungumza umefunika mdomo. Siku zako za mwisho hukusema neno lolote la kuwekwa, ulikuwa unauliza tu kama mahamri yameumuka, ukidhani ni zamani. Ulikufa adhuhuri, Rehema amesimama mlangoni na uji.

Jamaa zako walikuja kutoka Mishomoroni, na Bi Mwanakombo akaja kukuosha. Aliniruhusu niingie, nikawa namiminia maji. Alikuosha kwa heshima, nasema kweli, mikono yake ni mipole kwa maiti kuliko kwa walio hai. Maji ya majani ya mkunazi, kulia kwanza, kisha kushoto. Alipofika kwenye vidole akasita. Akachukua ndimu. Akaanza kusugua kucha ya kwanza, akasugua, akamwagia maji, akatazama, akasugua tena. Akaenda ya pili. Hakutaka uende mbele ya Mola wako na pambo ulilojitia ndani ya eda, ndivyo alivyodhani, alikuwa anakusaidia. Nami nimeshika kata ya maji na wallahi yako bado imenifunga, kwa sababu Rehema alikuwa hajaolewa.

"Haitoki, Bi," nilisema. "Mwache."

"Ndimu huitoa kidogo."

"Hiyo haitoki."

Akanyanyua uso. Akaliona dole gumba langu kwenye kata, weusi umepanda umebaki kwenye ncha. "Hata yako?"

"Hata yangu," nikasema.

Akaiweka ndimu kando, akaulaza mkono wako ubavuni, akanipa ishara nimimine. Kisha akakutia kafuri, akakufunga sanda.

Wanaume wakakubeba. Sisi wanawake hatuendi makaburini kuzika, ulikolala mimi nimeonyeshwa kwa kidole tu, kule nyuma ya mikorosho. Matanga yalipoanuliwa, watu wamekwenda zao, nikaketi uani nikakata kucha. Kipande cha mwisho cheusi kwenye dole gumba kilikatika chembamba, kikaruka, nikakitafuta kwa magoti nikakipata. Tumefundishwa kwamba kucha ikikatwa huzikwa, na kwa hilo mwanamke hana wa kumzuia. Nikachimba kwa kijiko nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo, nikakizika, nikakusomea Fatiha pale pale. Sikuwa na kitu kingine cha kukuzikia.

Bado nimekukasirikia, Saumu. Naomba unisikilize hivyo hivyo nimekasirika. Uliwaogopa watu kuliko ulivyoogopa kufa, na watu wenyewe ndio hawa, juzi walikuwa hapa wanaomba waongezewe nyama. Halafu namwona Rehema anacheka na mumewe mlangoni, nageuka nakwenda kuwapikia chai. Kiti chako jikoni sijakitoa. Mbaazi napika chache, nazo zinabaki.

Sasa nimesema. Bi Mwanakombo akisomewa na alijue, na wale waliogusana viwiko wote walijue: zile kucha hukuzipaka. Ilikuwa dawa, na ulikaa eda ya mume wetu safi tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Piko ilikuwa yangu.

Lala, mwenzangu. Nikifika tutakaa mkeka mmoja.

Mimi mke mwenzio,
mama wa Rehema wetu